Shingo ya Mtoto wa Kinyozi

Tarehe 3 Machi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima na kazi inakwenda vyema. Ninachotamani kukisikia kwanza ni kwamba wewe na Mama mmeamka salama, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua.

Nimeona ni wajibu wangu kukuandikia kwa kirefu badala ya kukupigia simu, kwa kuwa najua barua zangu huzisoma dukani kwa sauti, wateja wakiwa na povu mashavuni na hawana pa kukimbilia. Basi waarifu hao wenye povu kwamba kijana wako amekaribia kumaliza muda wa majaribio katika kampuni ya bima, na kwamba Meneja amemteua kuwasilisha taarifa ya robo mwaka mbele ya wakurugenzi. Miongoni mwa waajiriwa wapya, nimeteuliwa mimi peke yangu.

Nakushukuru kwa Jumapili. Ulininyoa vizuri, na ulipomaliza ukanishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, ukaizungusha shingo kulia, kisha kushoto, ikalia ka! kama ilivyo desturi yako, na benchi zima likasema, "Huyo ameiva!" Tangu siku hiyo nina maumivu nyuma ya shingo, upande wa kulia, yanayopanda hadi kichwani. Bila shaka ni mto wa kulalia, maana huu wa chumba nilichopanga ni mgumu kama tofali. Siandiki kwa kulalamika.

Liko jambo moja, Baba, ambalo naomba ulipokee kwa moyo mweupe, na aya hii usiisome kwa sauti. Ulipopita ofisini kwetu siku uliyokuja mjini kununua mashine mpya ya kunyolea, ulikuwa umevaa koti lako la kazi lenye nywele mabegani. Dada wa mapokezi aliniuliza wewe ni nani, nami nikajibu kwamba u jirani wa nyumbani. Wenzangu wanafahamu kuwa baba yangu ni mfanyabiashara wa bidhaa za urembo. Sidhani kwamba nimedanganya sana, kwa kuwa poda na mafuta unauza. Siku nyingine, tafadhali, tukutane kwenye bustani iliyo ng'ambo ya barabara.

Nisalimie Mama.

Mwanao mtiifu


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako limepoa, mdomo ndio bado.

Barua nimeisoma dukani, watu wamekusifu. Ile aya uliyonikataza nilikohoa nikairuka. Dereva wa lori aliyekuwa kitini akaniuliza, "Mzee, mbona umekohoa nusu ukurasa?" Nikamwambia povu limeniingia kooni.

La koti nimelielewa. Nimelifua. Sikukasirika. Poda kweli nauza.

Sasa shingo. Mto wa nini! Hiyo haikukaa. Nilikuzungusha harakaharaka kwa sababu benchi lilijaa. Wewe unajua watu wanatoka mitaa ya mbali, wanawapita vinyozi wengine njiani, wanakuja kwangu kwa ajili ya huo mzunguko. Wananiita Fundi Shingo, hakuna anayeniita Fundi Wembe. Jumamosi panda basi la asubuhi uje niirudishe mahali pake. Ni kitendo cha mara moja, utaondoka unacheza.

Na hao wakurugenzi usiwasomee mbiombio. Ukipata wasiwasi huwa unazungumza kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Mama. Salamu za afya safari hii siwezi kuziandika kwa mazoea, kwa sababu nakuandikia nikiwa wodini, katika kitanda cha karibu na dirisha, na imenichukua muda kuweza kushika kalamu bila mistari kukimbia. Niliwaomba wauguzi wasiwapigie simu. Sikutaka mnione nilivyokuwa.

Ilitokea siku ya taarifa, mapema katika wiki iliyofuata ile Jumamosi niliyokuja kwako. Nilipofika kwenye jedwali la pili, ukumbi ulianza kuzunguka. Nikaishika meza, nayo meza ikaondoka. Sauti ikawa ya chura, nikashikwa na kwikwi, kisha nikaangukia upande wa kulia pamoja na jagi la maji. Mkurugenzi mmoja alinong'ona, na mnong'ono wake ukafika kote: "Asubuhi yote hii, kijana ameshalewa?" Walinitoa nje nikipepesuka, na nilisikia mtu akisema nipewe kahawa kali.

Si pombe, Baba. Ni kiharusi. Nilimwambia daktari kwamba mimi si mzee, akasema kiharusi hakiulizi. Alinieleza kwamba kila mtu ana mishipa miwili ya damu inayopanda nyuma ya shingo, ikipenya kwenye matundu ya mifupa yake, hadi chini ya ubongo. Mimi nimezaliwa na mmoja. Ule wa kushoto ni uzi tu, na unaishia njiani. Ni hitilafu ya tangu tumboni, adimu kiasi kwamba wanafunzi wa udaktari huletwa kwa makundi kuitazama picha yangu. Wa kulia umebeba kazi ya wawili maisha yangu yote, na sasa ukuta wake wa ndani umechanika, damu ikaganda pale palipochanika, na bonge likaziba njia.

Uso umekufa ganzi upande wa kulia, na upande wa kushoto wa mwili hautambui maji ya moto na ya baridi. Mwanzoni nililishwa kwa mpira wa puani. Kwikwi hazikukoma kwa siku nyingi, hata wagonjwa wenzangu wakanibandika jina la Saa ya Ukutani. Sasa nameza uji, na ninatembea nikishikwa.

Msije kwa sasa. Hospitali imeweka masharti makali kwa wageni.

Nina ombi moja, nami nakusihi usiniulize sababu yake: acha kuwazungusha watu shingo.

Mwanao mtiifu


Tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu hazina ladha leo. Tuko hai.

Barua yako ilinikuta duka limejaa. Nikaifungua kama siku zote, nikaanza kuisoma kwa sauti kabla sijajua ina nini ndani. Nilipofika kwenye kiharusi nilikuwa nimeshachelewa kukohoa.

Shangazi yako mkubwa alikuwa pale, amemleta mjukuu kunyolewa. Alisikia "nimezaliwa na mmoja", basi. Jioni shangazi zako wote wako sebuleni kwangu, wanamuuliza mama yako alikula nini mimba ile, alibeba nini kizito, na kwao kuna nani mwenye kasoro. Mama yako aliinuka akaenda jikoni. Yeye, mwenye mdomo ule! Sasa sokoni haendi, majirani wakigonga anajifanya amelala. Jana ameniambia, "Nilimuumba pungufu." Nikamwambia siyo wewe. Akaniuliza, "Basi nani?"

Kuhusu shingo za watu, hapo umenikosea. Mwanzo ulilionea aibu koti, sasa umefika kwenye mikono? Mikono hii ndiyo iliyokusomesha mpaka ukayajua hayo maneno ya kunikatazia. Mtu akikaa kwangu analipia kichwa, lakini amekuja kwa ajili ya shingo.

Masharti ya hospitali tutaonana nayo mlangoni. Jumamosi tunakuja, mimi na mama yako. Nimesoma kwamba unaangukia upande mmoja. Mtu anaangukia upande mmoja shingo ikipinda, hilo halihitaji picha. Mimi niliiweka sawa Jumamosi ile, wewe ukaenda kulalia tofali lako ukaiharibu. Daktari akigeuka kidogo tu nitakuweka sawa hapohapo kitandani.

Baba yako


Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi mkononi ili ikufikie kabla ya Jumamosi. Isome peke yako, mlango umefungwa.

Usinishike shingo. Ukinizungusha mara ya tatu ninaweza kufa kitandani hapa.

Siku ya pili tangu nilazwe, daktari bingwa alisimama miguuni pangu na wanafunzi wake. Akauliza, "Kijana, ulianguka? Uligongwa? Kuna mtu alikuzungusha shingo, labda kinyozi?" Neno la mwisho alilitamka akitabasamu, nao wanafunzi wakacheka. Meneja wangu alikuwa amesimama kando na mfuko wa machungwa. Nilijibu, kwa sauti ile ya chura: "Hapana, Daktari. Vinyozi wa namna hiyo siwajui." Meneja akatikisa kichwa kukubaliana nami, kana kwamba lilikuwa swali la kumvunjia heshima mtu wa idara yake.

Hivyo ndivyo nilivyokukana. Ningependa sana kuandika kwamba nilifanya hivyo ili kukulinda. Sentensi hiyo nimeitunga mara kadhaa nikiwa nimelala hapa, ikatoka vizuri, lakini si ya kweli. Kisha nikakuandikia wewe habari za kuzaliwa kwangu tu, nikaacha nusu nyingine, na nusu niliyoiacha mmembebesha Mama.

Jana barua yako ilipofika nilimwomba daktari arudi, nikamweleza yote: Jumapili ile, maumivu, kisha Jumamosi. Safari hii hakutabasamu. Akasema, "Siwezi kukuapia. Mshipa kama wako unaweza kuchanika hata kwa chafya kubwa. Lakini maumivu yalikuja baada ya mara ya kwanza na kiharusi baada ya ya pili, na mimi siwezi kujifanya sijaona. Hata mwenye mishipa miwili mizima anaweza kuchanwa hivyo. Huyo kinyozi aambiwe upesi." Kisha akaniuliza, "Unamfahamu?"

Nikasema, "Ni baba yangu."

Aliandika kitu, akaniwekea mkono begani, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mwambie Mama hakuniumba pungufu. Nimecheza mpira na mshipa huu mmoja, nimefaulu mitihani yote na mshipa huu mmoja, na ungeweza kunifikisha uzeeni bila mtu yeyote kujua.

Njooni Jumamosi. Masharti ya wageni niliyatunga mimi.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Jumamosi ile hamkuja, wala zilizofuata. Mama hupiga simu kuniuliza kama nimekula. Nikikuulizia wewe, hujibu kwamba uko dukani, hata katika siku ambazo duka halifunguliwi.

Nimeruhusiwa kutoka hospitalini. Ninatembea kwa fimbo, kope ya jicho la kulia imelegea, na kila siku nameza dawa ya kuzuia damu isigande. Madaktari wameridhika na mshipa, wanasema unajiunga taratibu. Kampuni imeniongezea muda wa majaribio, kwa barua yenye adabu nyingi.

Wiki iliyopita, siku ya Jumamosi, nilikuja. Nilishuka kwenye basi, nikaja polepole hadi dukani, nikasimama nje kando ya mlango. Ulikuwa unamnyoa yule seremala mnene. Ulipomkung'uta nywele akafumba macho, akalegeza shingo na kusubiri. Hukumgusa.

"Mzee, na shingo?"

"Shingo leo hapana."

"Leo hapana, wiki jana hapana. Fundi Shingo umestaafu hata hatujakuaga?"

Benchi likacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, siku hizi anaogopa zisibaki mkononi!" Ukamwambia seremala, "Umekwisha, inuka," nawe hukucheka.

Nilinuia kuingia, Baba. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya salamu. Lakini nilijiona kama watakavyoniona wao, waliozoea kusikiliza barua zangu: fimbo, jicho, mdomo unaovuta maneno. Wangegeuka wote kwa pamoja. Wangenitazama mimi, kisha mikono yako. Nikarudi kituoni, na njiani nilitembea upesi kuliko ninavyoruhusiwa.

Nakuomba unijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwanao


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote. Mama yako mzima, ameanza tena kwenda sokoni na kugombana na wauza nyanya. Mimi mwili ni mzima.

Barua nilianza nyingi. Mimi si mtunzi kama wewe. Kila nikiandika "nisamehe" naona kama nimemkata mteja sikio halafu nampaka poda.

Mama yako nilimwambia siku ileile dereva aliponiletea barua yako. Alikwenda akakaa chumbani kwako. Alipotoka akasema, "Waite dada zako, uwaambie kwa mdomo wako. Mimi waliniuliza nilikula nini." Nikawaita. Shangazi yako mkubwa akaanza, "Kaka, usijibebeshe, mishipa ni mishipa." Mama yako akamwambia, "Mlipokuwa mnanibebesha mimi, haikuwa mishipa?" Chai ilipoa vikombeni, wakaaga.

Jumamosi ile tulivaa tukaenda kituoni. Basi likaja. Mama yako akapanda, mimi mguu ukakataa. Kondakta ananiita, "Mzee, twende au tubaki?" Mama yako akashuka. Hakunisemesha mpaka nyumbani, na unajua kwake hiyo ni adhabu kiasi gani.

Kuzungusha niliacha palepale. Wateja wakahamia kwa kinyozi kijana wa ng'ambo ya barabara, nikasema wacha wahame. Halafu siku moja nikamwona dirishani amemshika kidevu kijana wa rika lako. Ka! Niliisikia mpaka kwangu. Nikavuka barabara na wembe mkononi, watu wakadhani naenda kugombana. Nikamwambia, "Acha kitu hicho." Akasema, "Mzee, mkono wako ukichoka upumzishe, usitufungie sisi." Wakacheka. Nikawaambia, "Mwanangu, yule wa barua, amepata kiharusi. Shingo yake niliizungusha mimi. Mara ya pili alikuja akiniambia inauma, nikazungusha tena, kwa nguvu zaidi." Ulinikataza kuisoma barua yako mbele ya watu, nami sikuisoma. Hayo nilisema yangu. Yule mteja akajishika shingo kwa mikono miwili, akatoka na shuka la kunyolea mwilini.

Usidhani nimemgeuza. Alitulia siku chache, nikaisikia tena. Nikavuka tena. Sasa kila nikiisikia navuka. Wamenipa jina jipya, sikuandikii.

Sasa lile la Jumamosi uliyosimama mlangoni. Mwanangu, nilikuona. Kinyozi anafanya kazi akitazama kioo, na mlango uko kwenye kioo. Niliiona fimbo, nikaliona na jicho. Seremala alipouliza shingo, nilimjibu huku nakutazama wewe. Nilijua nikigeuka tu, utaingia. Sikugeuka. Nilikuwa nasubiri uondoke, na ulipoondoka nilishusha pumzi. La mikono naweza kusema sikujua. Hili nilikuwa najua, nikalifanya. Wewe umeniandikia ulinikana mbele ya meneja na machungwa yake. Mimi nilikukana wewe ukiwa umesafiri mgonjwa, kwa fimbo, mpaka mlangoni kwangu.

Nywele zako zimekuwa ndefu, zinafunika masikio. Siwezi kukuahidi kwamba nitanyoa vizuri. Siku hizi nikifika nyuma ya shingo mkono unasimama, na wateja wanatoka na manyoya kisogoni kama vifaranga. Wananisema, nao wana haki. Muulize daktari kama kwa hiyo dawa yako wembe unaruhusiwa. Kama hauruhusiwi nitatumia mashine, na mama yako anasema atasimama pembeni aniangalie mikono.

Nafungua saa mbili asubuhi. Saa hiyo hakuna mtu, utaingia na kutoka bila kuonwa. Kufika saa tano benchi limejaa, na ukitokea kituoni watakuona wote tangu mbali. Saa chagua wewe, sitakuuliza kwa nini. Mimi, iwe hiyo au ile, nitakuwa nimegeukia mlango.

Baba yako